Cheti Kipo Ukutani, Kufuli Lipo Mlangoni



Najua wiki hii niliahidi sehemu ya pili ya makala yangu ya Katiba Mpya. Itakuja. Leo naomba mniruhusu niandike kuhusu kufuli, kwa sababu kuna jambo limetokea ninakoishi na nikikaa nalo kimya nitakuwa mnafiki.

Wengi wenu mnajua maisha ya hosteli za binafsi za kuzunguka vyuo vyetu hapa Dar. Jengo la ghorofa mbili tatu lililokuwa nyumba ya mtu, likagawanywa kwa mbao na matofali likawa vyumba, kila chumba watu wanne. Kodi unalipa ya muhula mzima kabla hata bumu halijaingia. Mimi nakaa ghorofa ya pili. Ngazi ni moja, na chini ya ngazi kuna geti la nondo ambalo linafungwa saa nne usiku. Funguo anao mlinzi. Kuna mlango wa nyuma pia, upande wa kufulia nguo, nao una kufuli ambalo tangu nihamie sijaona likifunguliwa hata siku moja.

Usiku ule umeme ulikatika mapema, ukarudi kama saa tano hivi. Chumba cha tatu kutoka kwetu kulikuwa na sufuria ya umeme iliyoachwa kwenye ekstensheni, na juu ya ekstensheni ileile pasi na chaja tano. Umeme uliporudi ulirudi kwa nguvu. Soketi ikapiga cheche, pazia likashika. Nilichoona mimi mwanzoni hakikuwa moto kabisa. Ulikuwa moshi, mweusi, unatambaa darini kwenye korido, na unanuka plastiki. Ndani ya muda mfupi sana sikuwa naona mlango wa chumba cha mbele yangu.

Tukashuka ngazi mbio. Wasichana thelathini na kitu, wengine na kanga tu. Geti limefungwa. Mlinzi hayupo, alivuka barabara kununua chipsi. Simlaumu, mlinzi naye ana njaa, analipwa hela ya kumcheka. Lakini kwa dakika kama sita au saba tulikuwa tumebanana pale chini tunatikisa nondo na kupiga kelele huku moshi unatufuata kwenye ngazi. Kuna mwenzetu ana pumu. Sitaki kuandika zaidi kuhusu dakika zake zile.

Tuliokolewa na dada mmoja wa mwaka wa kwanza ambaye hakukimbia. Alilowesha blanketi kwenye ndoo ya maji ya kuogea akalitupa juu ya pazia, kisha mwingine akaenda kuzima swichi kuu. Kabla ya hapo walijaribu kile kizima moto chekundu kinachoning'inia kwenye korido. Mshale wake ulikuwa kwenye nyekundu. Mtungi mtupu. Na hata ungekuwa umejaa, hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuonyeshwa namna ya kuutumia.

Asubuhi tukaenda kwa meneja. Tukamwambia habari ya geti, habari ya mlango wa nyuma, habari ya mtungi. Akatusikiliza, kisha akanyoosha kidole ukutani nyuma ya meza yake. "Cheti cha zimamoto si kile pale? Tumekaguliwa."

Na kweli kilikuwepo. Kwenye fremu, chini ya kioo, muda wake haujaisha.

Wiki iliyofuata tukachangishwa 5,000 kila mmoja, rangi ya korido.

Nimesoma sheria mwaka wa tatu sasa, na mtu wa sheria akiona karatasi huuliza swali moja la kwanza: hii karatasi inathibitisha nini? Hati ya kiwanja inathibitisha umiliki. Cheti cha kuzaliwa kinathibitisha umezaliwa. Je, cheti cha zimamoto kinathibitisha nini? Ukimuuliza mtu wa kawaida atakwambia kinathibitisha kwamba jengo lile likiwaka, watu watatoka. Hilo ndilo kila mzazi anaamini anapomwacha binti yake hosteli na kuona ile fremu.

Sheria inayohusika ni Sheria ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ya mwaka 2007, Sura ya 427. Kabla yake zimamoto wengi walikuwa chini ya halmashauri. Sheria ile ikawaweka pamoja kama jeshi la taifa, leo liko chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, na mwaka 2008 zikatungwa kanuni za ukaguzi na vyeti. Kwa wazo lake, sheria si mbaya, nasema kwa haki. Afisa ana mamlaka ya kuingia kwenye jengo na kulikagua. Anapaswa kuangalia njia za kutokea, vizima moto, vitambua moshi, mifumo ya maji, njia ya gari la zimamoto kufika. Akiona kasoro anatoa maelekezo. Jengo likikidhi, linapata cheti, na cheti kinahuishwa. Na kuna ada.

Hapo kwenye ada ndipo nataka mkae kidogo.

Mjomba wangu ana duka la vifaa vya ujenzi. Msikilize anavyoongea mwezi wa kulipia vibali: "Leseni nimelipa, ushuru wa huduma nimelipa, zimamoto nimelipa." Nenda Kariakoo, nenda Manzese, muulize mfanyabiashara yeyote habari ya cheti hiki, atakujibu kwa neno hilohilo. *Nimelipa* zimamoto. Sijawahi kumsikia mtu akisema "nimekaguliwa zimamoto nikaambiwa nipanue mlango". Yule meneja wetu ndiye wa kwanza kunitajia ukaguzi, na alikuwa anautumia kunifunga mdomo. Lugha haidanganyi, makamanda. Watu wameshaelewa kwamba hii ni tozo, na wanaitendea kama tozo: unailipa, unapewa karatasi, unaitundika, unamsubiri mtu wa mwakani. Karatasi hiyo imekuwa risiti yenye fremu nzuri.

Hao wafanyabiashara hawana makosa ya kuchoka. Jengo lilelile moja, OSHA nao wana sheria yao, Na. 5 ya 2003, ya usalama na afya mahali pa kazi, na moto umo humo. Halmashauri wana kibali chao cha ujenzi, afya wana chao. Serikali yenyewe ilipotoa mpango wake wa kuboresha mazingira ya biashara mwaka 2018 ilikiri kwamba taasisi zake zinagongana kwenye ukaguzi na tozo. Ilikiri. Ukikiri unatakiwa utubu, lakini tunajua serikali ya chama hiki inavyotubu: inaunda kamati.

Na sheria yenyewe ilitungwa kwa Kiingereza. Mwaka 2021 Bunge lilibadilisha sheria ili Kiswahili kiwe lugha ya sheria na mahakama, tukapiga makofi. Mwenye hosteli yetu ni mama mtu mzima, mstaafu, Kiswahili chake kizuri kuliko changu. Mnataka ajue upana wa ngazi na aina ya mlango kutoka wapi? Anachojua ni namba ya malipo imetumwa kwenye simu.

Sasa nije kwenye kitu ambacho nadhani wanaume wa chama chetu hawajawahi kukiwaza, na siwalaumu, hawajawahi kufungiwa.

Kwa nini geti letu linafungwa saa nne? Ukiuliza utaambiwa ni kwa usalama wenu mabinti. Hosteli ya wavulana mtaa wa pili, mwenye jengo yuleyule, haifungwi. Sisi tunafungwa ili wanaume wasiingie, ili sisi tusitoke, ili mzazi akipiga simu aambiwe watoto wamelala. Hiyo ndiyo maana ya neno "usalama" kwa msichana nchi hii. Nondo. Kufuli. Funguo mkononi mwa mwanaume mmoja. Moshi haumo kabisa kwenye hesabu.

Mwaka 1994, mimi sijazaliwa, wasichana wapatao 40 waliungua bwenini Shauritanga, Rombo. Mama yangu alikuwa sekondari mwaka ule, mpaka leo ukitaja jina hilo ananyamaza. Agosti 2009, Idodi, Iringa, wasichana 12. Ilielezwa kwamba chanzo ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea usiku. Binti anajisomea, hiyo ndiyo hatia yake. Septemba 2020, shule ya msingi Byamungu, Kyerwa, watoto 10. Na jirani zetu Kenya, Machi 2001 pale Kyanguli, Machakos, walikufa wavulana 67. Mlango mmoja wa bweni ulikuwa umefungwa na madirisha yalikuwa na nondo. Tena Septemba 2024, Nyeri, shule ya Hillside Endarasha, watoto 21.

Kila mara baada ya hapo wanakuja viongozi na suti nyeusi. Wanaagiza mabweni yote yakaguliwe. Baada ya mwezi agizo limesahaulika na mlango umefungwa tena, kwa sababu anayefunga mlango anaogopa mwizi wa leo usiku kuliko moto ambao labda hautakuja.

Na mwizi yupo, tusidanganyane. Nilipoandika kwenye kundi letu la hosteli kwamba tudai mlango wa nyuma ufunguliwe, wa kwanza kunipinga alikuwa mwenzangu wa chumba. Aliibiwa laptopu mwaka jana. Akaniuliza, "Wewe utalala na mlango wazi?" Swali la haki kabisa. Jibu ni kwamba hakuna anayedai mlango uwe wazi. Kuna vitasa na makomeo ya kusukuma ambayo kwa nje hayafunguki, kwa ndani mtu yeyote anasukuma kwa kiwiko na anatoka, bila funguo, gizani, hata akiwa mtoto. Zipo kwenye kumbi za sinema na mahoteli makubwa ya mjini, nendeni mkaone. Mwizi hapiti, mimi napita. Hiyo ndiyo tofauti kati ya mlango wa dharura na mlango wa jela, na ni tofauti ambayo mkaguzi yeyote aliyesimama dakika tatu nyuma ya jengo letu angeiona kwa macho. Labda aliiona. Labda aliiandika kwenye ripoti. Sisi hatujui, maana ripoti hatujawahi kuionyeshwa.

Hapo ndipo ugomvi wangu ulipo. Angalieni mazungumzo haya ya cheti yanafanyika kati ya nani na nani. Kuna mwenye jengo, anataka karatasi ili biashara iendelee. Kuna serikali, inataka ada. Wote wawili wanaondoka wameridhika. Mtu wa tatu, anayelala ghorofa ya pili, hayumo kwenye chumba. Hapewi nakala. Hajui mkaguzi alikuja lini, aliona nini, aliagiza nini kirekebishwe na kabla ya tarehe gani. Anaona fremu tu.

Ibara ya 14 ya Katiba yetu (hii hii mbovu tunayotaka kuibadilisha) inampa kila mtu haki ya kuishi na kupata kutoka kwa jamii hifadhi ya maisha yake. Ibara ya 18 inasema habari ya haki ya kupewa taarifa za mambo muhimu kwa maisha yetu. Niambieni taarifa gani ni muhimu kwa maisha ya mtu kuliko kama mlango wa jengo analolala unafunguka.

Watakuja chawa kwenye maoni kusema naitukana zimamoto. Someni vizuri. Wale vijana wanaopanda gari lile wanavuka foleni ya jiji hili wakati mwingine saa nzima, wakifika wanatukanwa na watu kwamba wamechelewa, wanakuta mtaa hauna njia ya kupita gari wala maji ya kuunganisha mpira. Upungufu wa magari yao umesemwa bungeni mara nyingi, na mawaziri wenyewe wamekuwa wakiukubali. Kwa nchi yenye zimamoto wa kuwahesabu, kuzuia ndiyo uokoaji wa kweli. Ndiyo maana ukaguzi ukigeuzwa chanzo cha mapato, wanaoumia ni pamoja na hao hao askari, maana wanatumwa kuokoa watu kwenye jengo ambalo kwenye karatasi ni salama.

Na serikali je, yenyewe inajikagua? Usiku wa Jumamosi, 10 Julai 2021, Soko Kuu la Kariakoo liliungua. Halikuwa banda la mchuuzi lile. Ni soko la shirika la umma, limejengwa miaka ya sabini, kila kiongozi wa nchi hii amewahi kupiga picha pale. Wafanyabiashara wakapoteza mitaji yao, Waziri Mkuu akaunda kamati ya uchunguzi. Kuna yeyote kati yenu aliyewahi kuona ripoti ya ukaguzi wa mwisho wa jengo lile kabla ya moto? Mjomba wangu asipolipa atafungiwa duka. Jengo la umma nani analifungia?

Naona mmeshaanza kufurahi, ngoja niwaharibie kidogo. Ofisi ya chama chetu ninakohudhuria vikao vya vijana ina mlango mmoja, dirisha lina nondo, na kwenye kikao cha mwisho tulikuwa watu zaidi ya hamsini ndani na jenereta linanguruma mlangoni, yaani kwenye njia pekee ya kutokea, na kidumu cha petroli pembeni yake. Nilimwambia katibu. Akacheka akasema, "Kamanda, sisi tumezoea mabomu ya machozi." Kicheko kizuri, nami nilicheka. Lakini siku tukiingia madarakani na tabia hiyo tutakuwa tumebadilisha rangi ya shati tu. Jenereta lihamishwe nyuma ya ofisi. Naliandika hapa hadharani ili asipate pa kujificha.

Kwa hiyo nadai nini? Nataka ripoti ya ukaguzi ibandikwe mlangoni, yote, kwa Kiswahili, pembeni ya cheti: tarehe, kilichoonekana, kinachotakiwa kurekebishwa na lini. Mtu anayetafuta chumba aisome kabla ya kutoa kodi. Mlango uliofungwa kwa kufuli peke yake utoshe kunyima cheti bweni lolote, hata kama kila kitu kingine kipo. Mkazi awe na haki ya kuitisha ukaguzi bila kupitia kwa mwenye jengo, na asifukuzwe kwa kufanya hivyo. Na ada kwa mabweni na hosteli za wanafunzi ifutwe kabisa. Mnasema serikali itapata wapi hela? Itoe kwenye bajeti, kama inavyotoa ya magari ya viongozi. Mkaguzi ambaye ofisi yake inahesabu makusanyo mwisho wa mwezi hawezi kuwa mkali kwa mlipaji mzuri. Hata angekuwa malaika.

Hayo yanahitaji Bunge, na Bunge mnalijua. Lakini kuna kitu hakihitaji Bunge. Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inamruhusu raia kuomba kwa maandishi taarifa iliyo mikononi mwa ofisi ya umma. Ofisi ina siku 30 za kujibu, na ikikataa inatakiwa itoe sababu. Ripoti ya ukaguzi wa jengo ninalolala ni taarifa. Nimeshaandika barua, kurasa mbili, nimeambatanisha picha ya kufuli na picha ya ule mshale kwenye nyekundu. Tumesaini wasichana 19. Wengine wameogopa kunyang'anywa vyumba katikati ya muhula na siwezi kuwalaumu. Yule dada wa blanketi amesaini wa kwanza. Mwenzangu aliyeibiwa laptopu amesaini wa mwisho, akaandika pembeni kwa mkono wake: "na komeo la kusukuma".

Jumatatu asubuhi naipeleka mwenyewe na ninagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Siku ya 30 nitarudi hapa niwaambie kilichojibiwa. Nakala tupu ya barua hiyo nitamtumia yeyote anayekaa hosteli au bweni, ajaze jina la jengo lake. Kabla ya kuniandikia, leo usiku nenda mlango wa nyuma ukausukume. Ukigoma, piga picha.